Ndege Hazingoji Upepo

Kalenda ya mashirika ya ndege ina misimu miwili tu. Kiangazi huanza Jumapili ya mwisho ya Machi, na majira ya baridi huanza Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Basi. Masika hayamo, vuli haimo. Hata hapa Mombasa, ambako barafu tunaijua ya kwenye friji, ratiba za uwanja wa ndege wa Moi hupangwa kwa kufuata baridi ya watu wengine. Tarehe zenyewe zimetokana na saa za Ulaya, ambazo husogezwa mbele na kurudishwa nyuma Jumapili hizo hizo.

Lakini mtu wa Pwani akizitazama tarehe hizo mbili atacheka kidogo. Mwisho wa Machi ndipo kaskazi inapokata na kusi kukaribia. Mwisho wa Oktoba ndipo kusi inapokuwa imechoka na watu wanaanza kuitazamia kaskazi. Hakuna aliyepanga zifanane, zimefanana tu. Ila tangu nilione jambo hilo, siwezi tena kuitazama ndege ya watalii ikishuka Port Reitz bila kuifikiria kama jahazi.

Nimelelewa Magongo, pembeni ya uwanja wa ndege. Mtoto wa Magongo hahitaji kalenda ukutani. Desemba na Januari unakatiza maneno katikati, unangoja dude lipite, unaendelea na hadithi yako. Mei unaongea siku nzima bila kukatizwa. Wazee wetu walisema "ndege zimeondoka" kwa sauti ile ile ya kusema mvua imeanza, kama kwamba ni mambo ya Mungu, hayana mwenyewe. Mimi nataka kujua zinaondoka kwa nini. Na mbona zinaondoka Mombasa, lakini Nairobi zinabaki?

Tuanze na msimu wenyewe, maana sisi tuliishi kwa msimu kabla ya injini. Kuanzia Desemba hivi hadi Machi, kaskazi huvuma kutoka upande wa Uarabuni na India, na majahazi ya Ghuba, Oman na Yemen yalishuka nayo hadi Lamu, Mombasa na Unguja. Yalileta tende, chumvi, samaki mkavu, mazulia na masanduku ya njumu. Kusi ilipoingia yaligeuza tanga yakarudi na boriti za mikoko, nafaka, na zamani zile pembe za ndovu na watumwa pia, tusijifanye hatujui. Mmoja aliyeiandika safari hiyo akiwa ndani yake ni Alan Villiers, baharia Mwaustralia. Mwishoni mwa 1938 alipanda jahazi la Kuwait chini ya nahodha Ali bin Nasr al-Nejdi, wakashuka na kaskazi hadi Mombasa na Unguja, wakapakia boriti kwenye delta ya Rufiji, wakarudi Kuwait mwaka 1939. Kitabu chake, Sons of Sindbad, kilitoka 1940. Anayekisoma akitarajia mbio za baharini atashangaa ni siku ngapi zinaenda katika kungoja: kungoja mzigo, kungoja karatasi, kungoja upepo.

Huko kungoja ndiko ninakotaka tukushike vizuri. Nahodha akifika Mombasa Januari hakuweza kugeuza kesho yake. Upepo ulimkatalia. Alikaa wiki, pengine miezi. Mabaharia wake walikula hapa, walinunua hapa, walikopa hapa, waligombana, walisali misikiti ya mtaani, na wengine walioa. Watoto waliozaliwa walibaki baba aliporudi, na mwaka uliofuata alikuja tena, au hakuja. Ukienda Mji wa Kale ukauliza majina ya koo utapata ramani nzima ya bahari hii. Lugha ninayoiandika hapa ina alama za kungoja huko: bandari, nahodha, rubani. Neno rubani lenyewe lilikuwa la chombo cha baharini, mtu wa kuongoza njia, kabla halijapanda ndege.

Kwa hiyo msimu wa pepo ulikuwa mkali lakini ulikuwa na faida moja ambayo hakuna aliyeiomba: ulimlazimisha mgeni akae.

Meli za moshi ziliuvunja utaratibu huo. Mfereji wa Suez ulifunguliwa 1869, reli ya Uganda ilianza kujengwa kutoka Mombasa 1896, na meli kubwa zilitaka maji marefu ya Kilindini, si ile ghuba ndogo ya Bandari ya Kale. Meli haikuuliza upepo. Ilikuja mwezi wowote, ikashusha, ikapakia, ikaenda. Majahazi yaliendelea kuja upande wa pili wa kisiwa, mwaka baada ya mwaka yakipungua.

Kisha zikaja ndege, na hapa pana kipande cha historia ambacho mimi sikufundishwa shule. Njia ya kwanza ya ndege kutoka London kuja huku, iliyofunguliwa na Imperial Airways mwaka 1931, iliishia Mwanza na kupitia Kisumu. Mwaka uliofuata ikasogezwa hadi Cape Town. Mwaka 1937 zikaletwa ndege za majini, zile zenye tumbo kama mashua, zilizotoka Southampton hadi Durban kwa kuruka kutoka maji hadi maji: mto Nile, Ziwa Victoria pale Kisumu, halafu bahari pale Mombasa, Dar es Salaam na kuendelea kusini. Nairobi haina ziwa wala bahari. Aliyetaka kwenda Nairobi alishuka Kisumu akabadilisha ndege ndogo. Kwa miaka michache, Kisumu na Mombasa zilikuwa vituo kwenye njia kuu ya dunia na Nairobi ilikuwa pembeni. Mwambie mtu wa Nairobi hivyo leo uone atakavyokutazama.

Haikudumu. Vita vya Pili viliacha njia ndefu za kurukia kila mahali, na ndege ya kutua nchi kavu ilikuwa na kasi zaidi na gharama ndogo. Mwaka 1958 uwanja wa Embakasi ulifunguliwa, uliojengwa kwa jasho la wafungwa wa Mau Mau. Shirika la East African Airways lilikuwa na makao Nairobi. Lilipovunjika pamoja na Jumuiya mwaka 1977, Kenya Airways ikazaliwa mwaka huo huo, nayo ikakaa Nairobi. Mashirika ya nje yakafuata palipo na wizara, balozi na benki. Hakuna upepo uliopeleka ndege Nairobi. Watu walikaa mezani wakaamua.

Mombasa ilipata kitu kingine. Ilipata chata.

Ndege za kukodi, ambazo wafanyakazi wa hoteli walizoea kuziita chata, zilianza kuleta watalii wa Ulaya ndege ilipoanza kuwa kitu cha mtu wa kawaida, miaka ya 1960 na 1970. Kampuni za Ujerumani, Uswisi, Uingereza na Italia ziliuza safari nzima kwa bei moja: tiketi, kitanda, chakula na basi la kukupokea. Hoteli zikaota kuanzia Diani hadi Malindi. Uwanja wa Port Reitz ukapanuliwa mwishoni mwa miaka ya 1970, ukapewa jina la rais mpya, na njia yake ya kurukia ina mita 3,350, inayotosha ndege kubwa kabisa. Mtu alilala Frankfurt au Zurich akaamka Mombasa bila kuiona Nairobi hata kwa dirisha.

Ebu angalia biashara hiyo ilivyosukwa. Katika ndege ya kawaida, kiti anauziwa abiria. Katika chata, viti vyote anauziwa mwenye kampuni ya utalii, kwa msimu mzima, miezi mingi kabla. Yeye ndiye anayebeba hasara vikibaki vitupu. Kwa hiyo yeye hukodi wiki zile tu anazojua zitajaa. Mkataba ukiisha, ndege haipunguzwi kidogo kidogo, inakatwa. Uwanja wote, mita zake zote 3,350, ulikuwa umesimama juu ya mikataba ya aina hiyo.

Sasa tufanye hesabu, polepole, maana watu wengi hudhani safari inakatwa kwa sababu hakuna abiria. Si hivyo. Abiria wapo, ila hawatoshi, na kutosha kuna bei yake.

Ndege ya masafa marefu hulipiwa kila mwezi, ikiruka isiruke: mkopo au kodi, bima, mishahara ya marubani. Frankfurt hadi Mombasa ni saa nane na zaidi angani. Kwenda, kusafisha, kujaza mafuta na kurudi, siku nzima ya ndege imekwisha. Siku hiyo ina viti karibu mia tatu vya kuja na mia tatu vya kurudi. Januari, Mjerumani ameshachoka na giza la saa kumi jioni, ndege inajaa. Mei, huku kwetu masika yanamwaga na kwao maua yamechanua. Akitaka jua anaenda Mallorca, saa mbili na kitu tu. Mafuta ya kuja Mombasa na viti nusu hayapungui nusu. Ada ya kutua haipungui nusu. Na kiti kitupu si gunia la mchele, huwezi kukiweka stoo ukiuze Desemba. Mlango wa ndege ukifungwa, kimeoza.

Basi peleka ndege hiyo hiyo Nairobi mwezi huo huo wa Mei. Watalii ni wachache vile vile. Lakini kuna mfanyakazi wa Umoja wa Mataifa anayerudi Gigiri, mfanyabiashara ambaye tiketi yake inalipwa na kampuni na yuko viti vya mbele, mwanafunzi, mgonjwa, Mkenya wa ughaibuni anayekuja kuzika. Kuna wanaoshuka ili kupanda nyingine ya Kigali au Entebbe. Halafu kuna tumbo la ndege. Chini ya miguu ya abiria wa Nairobi, safari ya kurudi Ulaya inabeba waridi wa Naivasha na mishiri. Ua lililokatwa asubuhi haliwezi kungoja meli, na harusi za Ulaya ni kiangazi. Mzigo huo unalipa sehemu ya mafuta hata kama juu kuna viti vitupu.

Na Mombasa? Mombasa ina mizigo mingi kuliko Nairobi itakavyowahi kuwa nayo. Ila ni mizigo ya meli. Mnada wa chai wa Mombasa ni miongoni mwa mikubwa duniani, lakini chai hukaa kwenye kontena wiki nyingi isipate neno. Hakuna anayepandisha chai ndege. Kwa hiyo bandari, ambayo ndiyo utajiri wetu, haiusaidii uwanja wa ndege ulio kilomita chache tu kutoka hapo. Tumbo la chata lilirudi Ulaya na masanduku ya nguo chafu na twiga wa mbao.

Kuna sababu nyingine, nayo ndiyo iliyonikasirisha zaidi nilipoielewa. Kwenye viwanja vilivyojaa, kama Heathrow ya London, shirika haliji tu likatua. Lazima liwe na nafasi, yaani saa maalumu ya kutua na ya kuruka, na sheria inasema ukiitumia chini ya asilimia 80 ya msimu unaweza kunyang'anywa msimu ujao. Nafasi hizo ni mali. Mwaka 2016 iliripotiwa kwamba Oman Air ililipa dola milioni 75 kwa jozi moja ya nafasi pale Heathrow. Kenya Airways yenyewe, ikiwa imezama kwenye madeni, iliuza ya kwake. Sasa fikiria wewe ndiye mpangaji wa ratiba, majira ya baridi yanaingia na unatakiwa kupunguza safari. Ukikata ya Heathrow, unaweza kupoteza mali ambayo huipati tena. Ukikata ya mji mdogo, hupotezi chochote: mwakani utarudi utakuta nafasi tele na meneja wa uwanja anakungoja na maua. Utakata wapi? Uwanja ambao haujajaa hauna cha kumzuia mtu asiondoke. Ukarimu wetu wa nafasi ndio udhaifu wetu.

Ndiyo maana jambo hili si la Mombasa peke yetu. Kuna mji unaitwa Whitehorse, mji mkuu wa Yukon, kaskazini kabisa mwa Kanada, wenye watu kama 30,000 hivi. Hao hawajazi hata Changamwe. Lakini kiangazi kikifika wana ndege ya moja kwa moja kutoka Frankfurt, ya shirika la Condor, inayoleta Wajerumani wanaotaka milima, mito na dubu. Baridi ikiingia, safari inakatwa hadi mwaka ujao. Na Condor hiyo hiyo ndiyo iliyotuletea sisi Wajerumani miaka nenda miaka rudi, majira ya baridi. Shirika la namna hiyo haliwezi kuacha ndege zake zilale, kwa hiyo huzihamisha kama mfugaji anayefuata malisho: kiangazi Marekani ya Kaskazini, baridi ikianza zinashuka huku kwenye joto. Nilipoitambua hali hiyo nilijisikia vibaya kidogo. Siku ambayo Magongo tunasema ndege zimekuja, kuna mtu Yukon, dereva teksi labda, anasema zimeondoka.

Kwa miaka mingi mjomba wangu alikuwa weita katika hoteli moja ya Pwani ya Kaskazini. Alijua Kijerumani cha mezani, Kiitaliano cha mezani, na utani wa kila taifa. Katikati ya Aprili, kila mwaka, waliitwa ofisini kwa zamu wakapewa barua: livu bila malipo hadi watakapoarifiwa. Hawakufutwa, angalia hapo. Aliyefutwa ana haki zake. Wao waliambiwa wangoje. Wenye mkataba wa msimu hawakupewa hata barua, tarehe ilifika wakavua sare.

Mjomba alirudi Kaloleni kulima mahindi. Hilo angalau lilikuwa na akili yake, kwamba ndege zinaondoka wakati mvua inaita jembe, na wengi wa rika lake waliishi hivyo: miezi sita trei, miezi sita jembe. Tatizo lilikuwa karo. Muhula wa pili wa shule zetu ulianza Mei. Muhula wa kwanza ulilipwa na bakshishi za Krismasi, watoto wake wakaenda shule wamependeza. Muhula wa pili walirudishwa nyumbani, mwaka baada ya mwaka, wiki ile ile. Binamu yangu anasema alidhani hiyo ni likizo ya kawaida ya shule, mpaka alipoona watoto wa jirani, ambao baba yao alikuwa bandarini, hawaendi likizo hiyo.

Nimeshasikia watu wakisema Wapwani walizoea starehe za utalii wakasahau kufanya kazi nyingine. Maneno hayo yananiudhi. Mtu aliyepewa msimu mmoja na wenye maamuzi wa miji mingine, akausuka na jembe akalea watoto sita, hajakaa starehe.

Halafu kuna mambo yasiyo na msimu. Agosti 1997, kabla ya uchaguzi, ghasia za Likoni ziliua watu na kufukuza wengi makwao, na chata zikaanza kufutwa kabla msimu haujaanza. Novemba 28, 2002, msimu ukiwa ndio kwanza umefunguka, hoteli ya Kikambala ililipuliwa, na asubuhi hiyo hiyo makombora mawili yakaikosa ndege ya Israel iliyokuwa imetoka kuruka Mombasa na abiria 261. Mei 2003, serikali ya Uingereza ilizuia mashirika yake kuruka Kenya nzima. Marufuku hiyo ikaondolewa kabla ya Juni kuisha, maana Nairobi si mahali pa kuachwa muda mrefu, kila mtu ana shughuli pale. Linganisha na Mei 2014. Uingereza ilipotoa onyo kuhusu Mombasa, kampuni za Thomson na First Choice ziliwarudisha kwao mamia ya wateja katikati ya likizo, na kufuta safari zote za Mombasa hadi Oktoba 31. Tarehe hiyo si ya polisi wala ya majasusi. Ni tarehe ya kalenda, mwisho wa kiangazi. Hatari ilipewa muda wa msimu mmoja wa biashara, kama mkataba mwingine wowote.

Serikali yetu ilijaribu kuzirudisha kwa pesa. Mwaka 2016 chata za Mombasa na Malindi zilisamehewa ada za kutua na kuahidiwa dola 30 kwa kila abiria. Sikatai, zilisaidia mahali fulani. Lakini dola 30 humtia moyo aliyekuwa tayari kuja Januari. Hazijazi ndege ya Mei.

Waulize watu wa Belfast. Mwaka 2005 Continental ilifungua njia ya Belfast hadi Newark, karibu na New York, kisha ikaungana na United. Ili isiondoke, kodi ya abiria wa safari ndefu kutoka Ireland ya Kaskazini ilifutwa kabisa mwaka 2013. Mwaka 2016 serikali ya huko ikaahidi pauni milioni 9. Tume ya Ulaya ikakataa msaada huo, na Januari 2017 ndege ya mwisho ikaondoka. Shida yao ilikuwa Dublin, saa mbili kwa gari, yenye safari za Marekani tele mwaka mzima. Nasi tuna Nairobi. Tangu 2017, treni ya SGR imeisogeza hadi saa tano hivi. Kila mpangaji wa ratiba anaweza kukwambia: kwani mtalii wako hawezi kushuka Nairobi akapanda treni?

Lazima niseme treni hiyo imefanya na jingine. Imeleta Wakenya. Desemba, Aprili na Agosti shule zikifunga, Diani inajaa familia za Nairobi na Nakuru, na hoteli ambazo zamani ziliwatazama kwa jicho la pembeni sasa zinawatengenezea bei yao. Waitaliano nao huja Watamu na Malindi Agosti, maana mwezi huo Italia nzima iko likizo. Kwa hiyo msimu mbovu wa leo si ule wa mjomba wa miezi sita. Umebanwa ukawa Mei na Juni, pengine na Septemba. Ni nafuu, lakini muhula wa pili bado uko pale pale, Mei.

Na ndege za mwaka mzima zimeanza kuja pia, ila tazama zinakotoka. Qatar Airways ilifungua Doha hadi Mombasa Desemba 2018. Flydubai ilianza safari za Dubai Januari 2024. Turkish na Ethiopian zimekuwa zikija kupitia Istanbul na Addis Ababa. Hizi hazikutegemea Mjerumani mmoja na baridi yake. Dubai inaweza kukusanya mtu wa Manchester, wa Mumbai na wa Moscow, ikawapakia ndege moja ya Mombasa. Mmoja akikosekana mwezi huu, mwingine yupo. Ni ujanja ule ule wa Nairobi, umefanywa nje ya mipaka yetu. Wadau wa utalii Pwani wanadai anga ifunguliwe zaidi kwa mashirika kama hayo, na wanaoitetea Kenya Airways wanahofia litameza abiria wake. Mimi niko na wa Pwani katika hilo. Shirika la taifa ambalo haliwezi kuileta dunia Mombasa lisimzuie anayeweza.

Kwa hiyo upande wa Ghuba umerudi kuwa mlango wetu, kama enzi za tende na boriti. Tofauti ni saa. Ndege ndogo ya Dubai inatua, inafagiwa, inajazwa mafuta na kuondoka katika saa moja na kidogo. Wahudumu wake hawafiki hata mzunguko wa Changamwe.

Binamu yangu, yule wa likizo za Mei, juzi kapata kazi ya mapokezi Diani. Alinitumia picha ya mkataba kwa simu nimsomee, kabla ya kuweka sahihi. Unaanza Novemba 1 na unaisha Aprili 15. Nikamwambia asaini. Akaniuliza kama yule mwenye trekta wa Kaloleni bado anachukua kazi kwa mkopo.